Mama, hata huku wanasema bendera

Kuala Lumpur, Malaysia

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Nimefika salama, leo ni siku yangu ya nne. Ile hofu yako ya chakula na mahali pa kusali iondoe moyoni. Adhana naisikia nikiwa kitandani, na chakula ndicho hasa kilichonikalisha chini nikuandikie.

Asubuhi ya kwanza nilitoka kutafuta chai. Pembeni mwa barabara kuna mkahawa wa wazi wa Waislamu wenye asili ya Kihindi. Wenyeji huuita mamak. Juu ya meza vimepangwa vifurushi vya majani ya mgomba, nikachukua kimoja. Kukifungua, Mama, wali wa nazi! Wali wa tui zito, unaonukia jani la pandan, ambalo ni jamaa wa mkadi wetu. Pembeni dagaa wakavu wa kukaanga, njugu, tango, yai, na pilipili iliyosagwa ikakaangwa mpaka ikatoa mafuta. Wanauita nasi lemak. Nilikula polepole, nikauona mkono wako ukikuna nazi kwenye mbuzi kule uani. Chai nayo humiminwa toka kopo hili hadi lile, mkono mmoja juu mwingine chini, mpaka itoe povu.

Mzee mmoja wa Kimalay, mwenye kofia nyeusi na kikoi cha miraba, alikaa mbele yangu akaniuliza, "Apa khabar?" Nikajikuta nimejibu, "Nzuri." Akashangaa, nikamweleza kwa Kiingereza kwamba na sisi twaulizana habari. Basi tukaanza kupeana maneno kama watoto wanaobadilishana gololi. Dunia kwao ni dunia. Wakati ni waktu, riziki ni rezeki, karatasi ni kertas, sabuni ni sabun, askari ni askar. Hayo nilidhani nayaelewa, maana Kiarabu kimetulea sote. Lakini akanionesha kitambaa kinachopepea ng'ambo ya barabara, akasema: bendera. Akagonga alipoweka kikombe: meja. Hayo ameyaacha Mreno, aliyeipiga Mombasa mwaka 1505, na mwaka 1511 akaiteka Malaka huku. Bahari ile ile unayoiona ukikaa Forodhani ndiyo iliyobeba maneno haya kotekote. Sikuwahi kulihisi jambo hilo kama nilivyolihisi pale mezani.

Jina la mji maana yake ni makutano ya mito yenye tope. Nimekwenda hapo yanapokutana maji ya Klang na Gombak, na katikati yake umesimama Masjid Jamek, uliojengwa mwaka 1909 kwa matofali mekundu na meupe, na minazi kuuzunguka. Nilisali adhuhuri hapo. Mji wenyewe ulianzia karibu na hapo: mwaka 1857 Wachina 87 walipandishwa mtoni kutafuta madini ya bati, na wengi wao malaria iliwamaliza kabla ya mwezi kwisha. Baadaye Waingereza wakaleta watu wa Kitamil kufanya kazi kwenye mashamba ya mpira na kwenye reli. Ndiyo maana, ukitoka msikitini ukatembea kidogo tu, unafika hekalu la Kihindi lililoanzishwa mwaka 1873, mlango wake umejaa sanamu za kila rangi, na karibu yake hekalu la Kichina lenye moshi wa udi. Wauza maua ya asumini wamekaa nje wanatunga vishada. Nilinunua kimoja, nikakifunga mkononi siku nzima kwa ajili yako.

Sitaki udhani watu hawa wamezaliwa wakipendana. Tarehe 13 Mei 1969, baada ya uchaguzi, Wamalay na Wachina waliuana katika mitaa hii hii. Mimi na wewe, Mama, tunajua maana ya uchaguzi unaoingia ndani ya nyumba za watu. Kwa hiyo nikiona mezani msichana wa Kichina, mwenziwe wa Kitamil, na wa tatu mwenye mtandio, wanamegeana chapati moja, siwezi kupita bila kuwatazama. Najua jambo hilo limegharimu nini.

Ile minara miwili ya Petronas, ya kwenye kalenda ya dukani kwa mjomba, nimeiona. Ina mita 452, na usiku inang'aa kama fedha. Mwambie Kaka ni mizuri kweli.

Sokoni nimekuta doriani na shokishoki, zimerundikwa kama Darajani siku za msimu. Doriani wanaipenda kupita kiasi. Kuna hoteli zimebandika tangazo la kuizuia kwa sababu ya harufu. Nilikula barabarani nimesimama pamoja na wengine, kokwa tukizitupa kwenye ndoo moja.

Nimekununulia kitambaa cha batiki, cha kijani ile unayoipenda. Na yule mzee amenielekeza pilipili yake inavyokaangwa. Nimeandika kila kitu. Nitafika Alhamisi, ambayo huku nayo ni Khamis. Tafadhali nipatie dagaa wadogo wakavu na nazi mbili, na jani la mgomba lisichanike. Jiko siku hiyo niachie mimi.

Mwanao akupendaye