Kwenu mnaopanga zamu: barua ya wazi kutoka kwa askari mstaafu

Wanangu,

Salamu nyingi. Nimesikia wengi wenu mmepandishwa vyeo na kwamba kalamu ya ratiba ya zamu sasa iko mikononi mwenu. Hongereni. Kalamu hiyo niliishika miaka mingi, na leo nakiri kwamba niliitumia vibaya. Sikuwa mvivu, wala sikuuza haki ya mtu. Nilipanga zamu kama nilivyozikuta zimepangwa, basi.

Nawaandikia juu ya jambo moja tu: saa za askari. Magari mtaletewa, redio zitabadilishwa, lakini saa za askari hazizaliani. Ghalani tunahesabu risasi moja moja, kila moja na sahihi yake, ilhali saa nzima za kazi ya binadamu tunazimwaga barabarani bila kuuliza zimefanya nini.

Enzi zetu doria ilikuwa kuzunguka. Unamtuma dereva na askari wawili, wanapita mitaa mpaka mafuta yakaribie kwisha, na mkubwa akiuliza unajibu, "Doria imefanyika, afande." Kumbe swali la kama kuzunguka huko kunazuia chochote lilikwisha kupimwa kabla sijavaa buti. Kuanzia Oktoba 1972, polisi wa Kansas City, Marekani, waligawa maeneo 15 ya doria katika mafungu matatu. Katika maeneo matano waliondoa doria ya kawaida, polisi wakawa wanaingia wakiitwa tu. Matano waliyaacha yalivyo. Matano ya mwisho wakayaongezea magari mara mbili hadi tatu. Baada ya mwaka mmoja wakapima. Uhalifu haukuonyesha tofauti ya maana, hofu ya wananchi vile vile, na wananchi wenyewe kwa jumla hawakutambua kwamba kuna kilichobadilika.

Nilipomsimulia bosi wangu wa zamani habari hiyo alifura, akaniuliza kama nataka tukae kituoni tunywe chai. Nilimjibu hapana, lakini sikuwa na la kuongeza. Jibu lilinijia baadaye, nikiwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Nilichukua vitabu vya matukio vya mwaka mzima, nikatandaza ramani mezani na kuanza kuchomeka pini, tukio moja pini moja. Kufikia kitabu cha tatu nilikosa pa kuchomeka. Kulikuwa na uchochoro mmoja nyuma ya kituo cha mabasi, baa moja, na nyumba moja tuliyokuwa tukiitwa kila mwisho wa mwezi, mume akishalipwa. Mitaa mingine mizima ilikuwa mitupu. Na ratiba yangu, niliyoiandika kwa mkono wangu, iliipa mitaa hiyo mitupu muda ule ule ilioupa uchochoro.

Wala sikuwa nimegundua jipya. Mwaka 1989 mtafiti Lawrence Sherman na wenzake walichapisha hesabu za jiji la Minneapolis, Marekani: asilimia 3 hivi ya anwani ndizo zilizotoa nusu ya simu zote za kuita polisi. Mwaka 1995 mtafiti mwingine, Christopher Koper, akauliza swali ambalo kila mpanga zamu anapaswa kulijua: askari akifika mahali kama hapo, akae muda gani? Alikuta kwamba dakika 10 hadi 15 ndizo zinazoacha utulivu mrefu zaidi baada ya askari kuondoka. Akipitiliza hapo, faida ya kila dakika ya ziada inapungua. Kwa hiyo hakuna haja ya kumsimamisha kijana wa watu uchochoroni usiku kucha kama nguzo ya umeme. Apite, akae robo saa, asalimie watu, aondoke, arudi kwa saa asiyotarajiwa. Mwaka 2009 polisi wa jiji la Philadelphia, Marekani, walijaribu doria ya miguu katika maeneo 60 yenye ukatili mwingi, wakayalinganisha na mengine 60 yasiyopewa doria hiyo. Uhalifu wa kutumia nguvu ulipungua kwa asilimia 23 ukilinganisha na maeneo hayo mengine.

Mtaniambia wahalifu watahamia kona ya pili. Nami nilisema hivyo miaka yote, kwa kujiamini sana. Tafiti zilizokusanywa tangu hapo zinaonyesha kwamba mara nyingi hawahami kwa kiasi tunachodhani, na mitaa jirani mara kwa mara hupata nafuu nayo.

Hapa ndipo ninapowaogopea. Kijana akipewa ramani yenye pini nyingi, anaweza kudhani amepewa ruhusa ya kumpekua kila anayepita hapo. Robo saa ile inaweza kujenga, na inaweza kubomoa kazi ya mwaka mzima. Queensland, Australia, kati ya 2009 na 2010, walifanya jaribio kwenye vizuizi 60 vya kupima ulevi wa madereva. Nusu ya vizuizi viliendeshwa kama kawaida. Katika nusu nyingine askari alipewa maneno ya kusema: kwa nini tumekusimamisha, kwamba hatukukuchagua wewe, una lolote la kutuambia, asante kwa muda wako. Mazungumzo yote hayo hayakufika dakika mbili. Madereva waliosemeshwa hivyo waliwaona polisi kuwa wa haki zaidi na wakasema wako tayari zaidi kushirikiana nao. Hayakuhitaji bajeti wala gari jipya. Yalihitaji askari mwenye subira ya dakika mbili, na subira, wanangu, hukaa kwa mtu aliyelala.

Niwasimulie kisa ambacho sijawahi kukiandika popote. Kijana mmoja wangu aliingia kazini asubuhi. Jioni mwenzake hakutokea, nikamwambia abaki kaunta mpaka kesho. Baadaye nilikuja kukifungua kile kitabu cha matukio. Mwandiko wake wa saa 2 usiku umenyooka kama wa mwanafunzi. Saa 9 usiku herufi zimeanza kuteleza chini ya mstari. Saa 11 alfajiri ameanza kuandika "mlalamikaji", na kutoka kwenye ile *m* ya katikati wino umeshuka peke yake hadi mwisho wa ukurasa. Alipitiwa na usingizi kalamu ikiwa mkononi. Saa 1 asubuhi, badala ya kumruhusu aende kwake, nilimpeleka kuzuia umati. Kabla ya saa 4 alikuwa amempiga rungu mzee mmoja aliyemsogelea kuuliza njia.

Alishtakiwa yeye. Mimi niliyemfanya akeshe nilikaa kwenye jopo la nidhamu, upande wa wanaouliza maswali.

Mwaka 2000 Ann Williamson na Anne-Marie Feyer walichapisha utafiti kuhusu kukesha. Mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19, utendaji wake katika baadhi ya vipimo ulikuwa sawa na wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, au mbaya kuliko huyo. Kiwango hicho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukizidi. Yule kijana wangu alikuwa amepita saa 24. Angekuja kazini ananuka pombe ningemnyang'anya rungu pale pale. Kwa kuwa alinuka uchovu tu, nilimkabidhi.

Yako majaribio ya urefu wa zamu, na yanastahili kusomwa na kila anayeshika kalamu. Mtafiti Karen Amendola na wenzake waliwagawa kwa kura askari wa Detroit na Arlington, Texas, katika zamu za saa 8, 10 au 12. Matokeo yalichapishwa 2011. Wa saa 10 walilala zaidi ya nusu saa ya ziada kwa usiku kuliko wa saa 8, na saa zao za kazi ya muda wa ziada zilikuwa chache kuliko za hao. Wa saa 12 walichoka na kusinzia zaidi kazini. Hata hivyo msikimbilie kuandika saa 10 kila mahali. Mwaka 1981 na 1982 jaribio la Minneapolis lilionyesha kwamba kumkamata mume aliyempiga mkewe kunapunguza kurudia, na idara nyingi zikaiga haraka. Jaribio liliporudiwa miji mingine majibu yakachanganyika, na Milwaukee kukamatwa kukaonekana kuwazidishia ukatili watuhumiwa wasio na ajira. Dawa ya mji mmoja muijaribu kwenu kidogo kwanza.

Juu ya maumivu ya ndani nitasema machache, maana kizazi changu tulifundishwa kuyameza. Askari anayeokota maiti ya mtoto hapewi nafuu kwa kuitwa kesho yake kwenye kikao kimoja cha lazima ili asimulie, halafu jalada lifungwe. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2002 hayakupata ushahidi kwamba kikao cha namna hiyo kinazuia maradhi ya kiwewe, na jaribio mojawapo lilikuta waliopitishwa humo wakiwa na hali mbaya zaidi mwaka mmoja baadaye. Mfuatilieni mtu wenu kwa wiki na miezi, na mwenye dalili apelekwe kwa mtaalamu, bila jambo hilo kugeuzwa sababu ya kumnyima cheo. Na msidhani ni maiti peke yake inayowavunja. Waulizeni faraghani. Wengi watawatajia likizo iliyofutwa usiku wa kuamkia safari, na bosi anayefoka mbele ya mahabusu.

Basi mwezi ujao fanyeni hivi. Fungueni vitabu vya matukio vya miezi 12, mchomeke pini zenu. Chagueni sehemu 20 zenye pini nyingi, mpige shilingi kwa kila moja: kichwa ipewe robo saa za doria, mwenge ibaki kama ilivyo. Andikeni tarehe ya kuanza, na msibadilishe kitu katikati hata mkubwa akiwaharakisha. Pembeni ya ratiba choreni safu moja zaidi, ya saa ambazo kila askari amepumzika kabla ya kuingia zamu, na ikisoma chini ya 8 asipewe rungu wala usukani. Mkikosa mtu wa kujaza nafasi yake, ingieni wenyewe kaunta.

Mzee wenu, mstaafu.