Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Safari ya Jangwani na Mengineyo

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji nawakaribisha kwenye Mkutano Mkuu wa mwaka huu. Nawashukuru mliofika. Viti vilivyobaki wazi mnaviona wenyewe, na nitavirudia baadaye.

Shughuli za kawaida zilifanyika kama mnavyozijua. Matembezi ya kila mwezi yaliendelea, mafunzo ya ramani na dira yalifanyika, huduma ya kwanza ilifundishwa, usafi wa njia ulifanyika pia. Vifaa vilivyonunuliwa vimo kwenye taarifa ya Mweka Hazina. Anayetaka zaidi amwone Katibu.

Sasa niingie kwenye safari ya jangwani, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi wenu leo, na si wote mliokuja kwa heri.

Itakumbukwa kuwa wazo la kwenda jangwani wakati wa majira ya kuchipua nililileta mimi, na lilipoletwa lilichekwa. Mjumbe mmoja aliuliza jangwani kunachipua nini. Nilijibu wakati ule na najibu tena: mbegu za maua ya jangwani hukaa ardhini miaka na miaka zikiwa na dawa kwenye ganda lake inayozizuia kuota, na dawa hiyo haiondoki kwa manyunyu. Inataka mvua ya kutosha, ya vuli au ya kipupwe, iioshe kabisa. Baada ya hapo joto likipanda taratibu, mchanga mliodhani umekufa unageuka njano na zambarau kwa wiki chache tu. Kwa hiyo anayetaka kuona jangwa likiwa hai anakwenda Februari hadi Aprili, hangoji likizo yake ya Julai.

Palikuwa na kundi lililotaka twende Death Valley, bonde la jangwani huko California, Marekani. Kamati ililisikiliza. Lakini mlipokuwa mnapiga kura za vidole kwenye kundi letu la WhatsApp, mimi nilikuwa nasoma. Bonde lile sehemu yake ya chini kabisa, Badwater, liko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Pale Furnace Creek, ndani ya bonde hilo hilo, ndipo palipoandikwa nyuzi 56.7 za Selsiasi, Julai 10, 1913. Wastani wa joto la mchana ni nyuzi 28 hivi Machi, 33 Aprili, na Mei tayari ni 38. Yale maua mengi mliyoyaona pichani hayaji kila mwaka: watu wa huko huitaja miaka ya 1998, 2005 na 2016 kama miaka ya maua hasa. Kukipeleka chama kizima kwa bahati nasibu ya namna hiyo mimi sikukubali, na Kamati iliniunga mkono, japokuwa baadhi ya wajumbe wameanza kusahau kwamba waliniunga mkono.

Tukaenda Joshua Tree, kusini mwa California, katikati ya Machi. Ile imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1994, na sifa yake ni kwamba majangwa mawili yanakutana ndani ya mipaka yake: Mojave upande wa juu, wenye baridi zaidi, na jangwa la Colorado, tawi la Sonora, upande wa chini kuelekea mashariki na kusini. Faida yake ni kwamba maua hayachanui yote kwa pamoja. Yanaanzia Februari kwenye bonde la Pinto na mpaka wa kusini, yanapanda mlima Machi na Aprili, na juu ya mita 1,500 unaweza kuyakuta hata Juni. Ukikosa huku unapata kule. Wastani wa joto majira hayo ni nyuzi 29 mchana na 10 usiku. Hiyo 10 niliiandika kwa herufi nzito kwenye waraka wa maandalizi, na bado kuna waliokuja na shuka jembamba wakalala wamejikunja ndani ya magari.

Niseme na hili lipite: wanachama wawili walilalamika kuwa siku nzima ya Cottonwood hawakuona mti wa Joshua hata mmoja, ule ulioipa hifadhi jina lake. Miti ile ni ya upande wa Mojave. Cottonwood iko kusini. Waraka ulisema.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Tuliona bustani ya midungusi aina ya cholla alfajiri, jua likiwa limelala juu ya miiba. Mwanachama mmoja aliyetaka kupiga picha kwa karibu alitoka na kipande kizima kimemganda kwenye shavu la mguu. Vipande vya cholla hukatika kwa kuguswa kidogo tu, na kila mwiba una vijino vinavyotazama nyuma, kwa hiyo ukivuta kwa mkono unahamisha tatizo kutoka mguuni kwenda vidoleni. Nilichomoa chanuo kwenye sanduku la huduma ya kwanza, nikalipitisha kati ya ngozi na kile kipande, nikakirusha mbali kwa pigo moja, kisha miiba iliyobaki ikatolewa kwa kibano. Kwenye kikao cha bajeti kuna mtu aliuliza chanuo la nini na Mwenyekiti hana nywele. Nadhani amepata jibu.

Kuhusu kobe, nimeombwa nisitaje jina na sitalitaja. Kobe wa jangwa la Mojave amelindwa na sheria ya Marekani tangu 1990. Sehemu kubwa ya maisha yake anaishi shimoni, na majira ya kuchipua ndipo anapotoka kula maua na majani mabichi. Ukimnyanyua anaogopa, anakojoa, na mkojo ule ndio akiba yake ya maji ya miezi ijayo. Unaweza kumuua kwa kiu huku unatabasamu kwenye kamera. Ndiyo maana nilipaza sauti siku ile. Walionishtaki kwa Makamu Mwenyekiti kwamba nimemdhalilisha mwanachama mbele ya watu wafahamu kuwa hata kuwasha gari lililoegeshwa kunahitaji uiname kwanza uchungulie chini, kwa sababu kobe hupenda kivuli cha gari. Sauti yangu ilikuwa ndogo ukilinganisha na kosa.

Sasa nifike penyewe: Lost Palms.

Njia ya Lost Palms inaanzia Cottonwood, kilomita 12 kwenda na kurudi. Inapita kwenye vilima na makorongo makavu bila kivuli cha maana, kisha inafika ukingoni mwa genge, na kutoka ukingoni unaiona mitende mwituni chini kabisa, yenye majani mapana kama ya mvumo, imejipanga bondeni. Kuifikia lazima ushuke mteremko mkali wa mawe. Na ukishuka lazima upande tena ndipo uanze safari ya kurudi. Mimi niligeuza msafara ukingoni. Mitende tuliiona kwa macho, hatukuigusa. Hilo ndilo kosa ninaloambiwa nimelitenda, na limeandikiwa barua yenye saini kadhaa, tatu kati yake za watu ambao hawakuwa safarini.

Naomba niwekwe sawa kwenye kumbukumbu.

Kwanza, saa. Ratiba ilisema tuondoke saa 1 asubuhi. Tuliondoka saa 3 kasoro, kwa kuwa wengine walikuwa bado wanatafuta soksi. Njiani tukapoteza muda tena kwenye maua ya lupini. Siyalaumu maua. Lakini tulifika ukingoni saa 6 mchana, wakati ambao kwa mujibu wa ratiba tulipaswa kuwa tumekwisha geuza na tunakaribia magari.

Pili, maji. Ushauri wa hifadhi uko wazi: angalau lita 4 kwa mtu kwa siku. Lita 4 ni kilo 4, na najua zinalemea bega. Pale ukingoni niliamuru kila mmoja afungue shanta, atoe chupa na mifuko yake ya maji, aiweke juu ya mwamba mbele ya wote. Mlioshuhudia mseme kama naongopa. Wapo waliokuwa na lita moja na kidogo. Mmoja alikuwa na nusu chupa ya soda iliyokwisha poa gesi. Kumbe asubuhi, nilipopita nikikagua, kuna waliotikisa mashanta yao na mimi nikasikia maji yakicheza, sasa nielezwe Mwenyekiti aingize kichwa ndani ya kila begi? Kanuni tunayoifundisha humu kila mwaka inasema maji yakifika nusu unageuka, hata kama unakokwenda unakuona. Yalikuwa yamepita nusu.

Nimeambiwa kulikuwa na maji kule kwenye mitende. Maji ya ndani ya hifadhi yameachiwa wanyama. Kondoo mwitu wa milimani wanayategemea, na wewe mwenye gari lenye madebe huna haki ya kugombea nao. Isitoshe, huwezi kupanga maji yako kwa kutegemea unyevu uliousikia kwa mtu.

Tatu, hali za watu. Kulikuwa na mwanachama aliyekuwa na maji ya kutosha na bado alianza kichefuchefu na kuumwa kichwa. Alikuwa anakunywa tu, bila kula chochote, asubuhi nzima. Ukitoka jasho unapoteza chumvi, na ukirudisha maji matupu bila chumvi damu inazidi kuwa nyepesi. Nilimpa vitu vyenye chumvi, akakaa kwenye kivuli cha jabali, akapata nafuu. Simu huko haishiki sehemu kubwa ya hifadhi. Angeanguka chini kabisa gengeni, saa 7 mchana, mawe yakirudisha joto, nani angembeba kupanda ule mteremko? Waliosaini barua?

Kuna hoja kwamba wenye nguvu wangeachwa washuke na wengine wangengoja. Hii nimeifikiria usiku kucha zaidi ya mara moja, sitaki kudanganya. Lakini viongozi wenye mafunzo tulikuwa wawili. Ukigawa msafara, kila kundi linabaki na mmoja, na mmoja akiteguka kifundo huna msafara tena, una makundi mawili ya watu waliopotea. Msafara hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma. Kanuni hiyo iko kwenye katiba yetu, na mimi ndiye niliyeipendekeza mwaka ule tulioibadilisha.

Yapo pia maneno kwamba goti la Mwenyekiti ndilo lililogeuza msafara. Goti langu lilikuwa zima. Nilirudi nikiwa wa mwisho kwa sababu kiongozi wa nyuma hukaa nyuma.

Tulifika kwenye magari saa 9 alasiri, watu wote wakiwa kwa miguu yao. Jioni ile ile upepo ulivuma kama unavyovuma jangwani majira hayo, mahema mawili yakalala chali na mchanga ukaingia kwenye sufuria. Nilikaa nikawaza tungekuwa wapi muda huo. Makamu Mwenyekiti, ambaye ukingoni alisema “mimi sina upande”, jioni alisema ulikuwa uamuzi mzuri. Ningependa alirudie hilo leo hapa.

Nije kwenye mahudhurio na ada. Waliojiandikisha safari walikuwa 22. Kwenye matembezi ya maandalizi, yale ya kubeba shanta lenye uzito kamili wa maji, walikuja 8. Wote nane walifika ukingoni wakiwa na maji. Sisemi zaidi.

Kwenye daftari tupo wanachama 64. Waliolipa ada kamili ni 27, waliolipa nusu 9, na waliobaki wanalipa kwa ahadi. Baadhi ya hao wa ahadi ndio wenye sauti kubwa kuliko wote kwenye kundi la WhatsApp. Katiba inasema asiyelipa hapigi kura, na leo Katibu ana orodha mlangoni. Nimeombwa niwe mpole kwa kuwa hali za maisha zinajulikana. Nimekuwa mpole tangu mwaka juzi. Vifaa vya huduma ya kwanza, pamoja na lile chanuo, vilinunuliwa kwa fedha za hao 27, na aliyetolewa miiba hakuwa mmoja wao.

Kuhusu mwaka ujao, Kamati inatazama uwezekano wa jangwa jingine majira hayo hayo. Wadi Rum ya Jordan imetajwa, na mimi binafsi naipenda, ingawa huko nako majira ya kuchipua huwa na pepo za joto zenye vumbi ambazo lazima zipangiwe. Wengine wanataka turudi Lost Palms “kumalizia kazi”. Sipingi, mradi tuondoke saa 1. Mambo haya yatategemea fedha, mahudhurio na Mungu akijalia. Kamati ikikaa mtajulishwa.

Mweka Hazina yupo meza ya kushoto na kitabu cha stakabadhi. Madebe mawili ya maji ya chama, ya bluu, hayajarudishwa tangu Machi. Aliye nayo ayalete kwa Katibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwenyekiti