Mkasi wa nguo na daftari la Lapchick

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika Jumatatu iliyopita kwamba kazi yetu sisi makocha wa mtaani ni kufundisha watoto kudunda mpira na kutupia, na mambo ya kubeti tuwaachie wazazi wao na serikali. Naomba nafasi nimjibu. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na jioni nafundisha kikapu kwenye kiwanja cha saruji chenye goli moja zima na jingine lililopinda ringi. Silipwi. Wazazi wengine huniletea suruali za kupunguza ili wanichangie, nami naona haya kuwatoza, kwa hiyo hesabu yenyewe hata mke wangu haielewi.

Mwanzoni mwa mwaka huu tulicheza na vijana wa mtaa wa pili. Zikiwa zimebaki dakika mbili tulikuwa mbele kwa pointi 13. Nina mchezaji mmoja, sitamtaja, mwenye mkono mtulivu kuliko wenzake wote. Mazoezini hutumbukiza mitupo huru kumi mfululizo huku anapiga soga. Siku hiyo alipewa miwili akakosa yote. Wa kwanza haukugusa hata ringi. Kisha akatoa pasi mbili zilizokwenda moja kwa moja mikononi mwa wapinzani. Tulishinda kwa pointi sita, watu wakashangilia, mimi nikabaki nimekalia ndoo yangu.

Asubuhi yake alikuja barazani mwenyewe. Alisimama kando ya cherehani akichezea ncha ya uzi. Nikamwuliza, kiasi gani? Akasema elfu ishirini. Kumbe watu wazima waliokaa pale ukutani walikuwa wamewekeana dau kama tutashinda kwa zaidi ya kumi au chini ya kumi. "Lakini Mwalimu," akaniambia, na wallahi hakuwa ananidhihaki, "kwani si tumeshinda?"

Swali hilo, Mhariri, liliwahi kuutikisa mji wa New York zaidi ya miaka 70 iliyopita, na ndiyo sababu nataka kumtaja Joe Lapchick, kocha wa kikapu wa Kimarekani. Habari zake nilizikuta mara ya kwanza kwenye gazeti la michezo la Kimarekani ambalo marehemu kaka yangu, aliyekuwa baharia, alifungia sahani za zawadi. Sahani zimeshavunjika zote. Karatasi ninayo, na tangu hapo kila nilipopata habari zake nimezisoma.

Lapchick alizaliwa mwaka 1900 Yonkers, jirani na New York, mtoto wa wahamiaji wa Kicheki. Chuo hakukanyaga kama mwanafunzi. Alianza kibarua angali mdogo na usiku akicheza kikapu cha kulipwa, enzi ambazo mchezaji alilipwa kwa mechi, leo timu hii kesho ile. Alikuwa na futi 6 na inchi 5, kimo ambacho leo hakimshangazi mtu kiwanjani, lakini wakati ule alikuwa mnara. Na mrefu alikuwa na kazi yake maalumu. Hadi mwaka 1937, kila baada ya goli mpira ulirudishwa katikati, refa akaurusha juu na warefu wawili wakaurukia. Timu iliyoshinda mruko ilifunga, ikashinda mruko tena, ikafunga tena, na mpinzani angeweza kukaa dakika nzima bila kuugusa mpira. Lapchick ndiye aliyekuwa akiwarukia Original Celtics, timu ya New York, si hawa Celtics wa Boston wa leo. Katika timu hiyo mwenzake alikuwa Nat Holman. Likumbukeni jina hilo.

Wapinzani wao wakubwa walikuwa Rens, timu ya weusi wa Harlem. Mwanawe Lapchick, Richard, amesimulia kwamba kabla ya mechi baba yake hakuridhika kumpa mkono Tarzan Cooper wa Rens. Alimkumbatia, tena mbele ya watazamaji ambao wengi wao hata mkono tu ungewakera. Mwaka 1950, Lapchick akiwa kocha wa Knicks ya New York, timu hiyo ilimsajili Nat Clifton, mmoja wa weusi wa kwanza kabisa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Richard alikuwa na miaka mitano. Anasema alichungulia dirishani akaona sanamu ya baba yake imenyongwa mtini nje ya nyumba, kazi ya waliochukizwa na usajili huo. Nayataja haya kwa sababu kocha anayewataka vijana wakatae fedha za watu, kwanza nataka kujua yeye mwenyewe amewahi kugharimikia nini.

Uchezaji na ukocha wake mwingine naupita mbio: fainali tatu mfululizo za NBA akiwa na Knicks, 1951, 1952 na 1953, zote akapoteza. Ile ya 1951 walifungwa mechi tatu za mwanzo, wakashinda tatu, wakaanguka ya saba. Mwenye roho nyepesi angeacha kikapu akauze karanga.

Sasa mikeka. Januari 1951, Junius Kellogg, mchezaji wa Manhattan College, chuo cha New York, alifuatwa na mtu akaahidiwa dola 1,000. Hakuambiwa afungwe. Aliambiwa timu yake isishinde kwa pointi nyingi. Wabeti wa kikapu hawakuwa wakiuliza nani atashinda, walikuwa wakiuliza kwa pointi ngapi. Timu ikitegemewa kushinda kwa kumi, mchezaji aliyenunuliwa anahakikisha inashinda kwa tano, anaondoka na ushindi mkono huu na bahasha mkono ule. Kellogg alikwenda kumwambia kocha wake. Polisi walipoanza kuvuta uzi, shati zima likafumuka: wachezaji 32 wa vyuo 7, mechi 86. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa City College, chuo kingine cha New York, ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wametwaa vikombe vyote viwili vikubwa vya vyuo. Kocha wao alikuwa nani? Nat Holman, yule yule wa Original Celtics.

(Kellogg huyo mwaka 1954 alipata ajali ya gari akapooza. Akawa kocha wa kikapu cha viti vya magurudumu. Siku mkiwa na nafasi, mwandikieni ukurasa wake peke yake.)

Lapchick alichukua magazeti akaanza kukata. Picha za vijana wakiingizwa kituoni, vichwa vya habari, hukumu, akavibandika vyote kwenye daftari. Aliporudi kufundisha chuo cha St. John's mwaka 1956, kila mchezaji wake alitakiwa kulisoma daftari lile na kusaini. Sisemi daftari liliziba kila tundu, kamari ina matundu mengi. Nasema kocha hakuwaachia wazazi.

Yule kijana wangu sikumfukuza. Nilimwita mwenzake, yule aliyejitupa kwenye saruji kuuokoa mpira mmoja uliopotezwa kwa makusudi, nikamwambia akunje suruali. Goti lilikuwa bado linatoa majimaji. Kijana alilitazama, akaweka elfu ishirini juu ya cherehani, akaondoka bila kuaga. Fedha ilinunua dawa na plasta, na chenji ikanunua daftari la kaunta.

Ndani yake sasa nabandika habari za wachezaji waliouza mechi, kutoka gazeti lenu. Nakata kwa mkasi wa nguo, jambo ambalo fundi yeyote atawaambia ni dhambi, maana karatasi huua makali. Na hapa ndipo penye ombi langu. Juzi nilikata habari nzuri mno ya mchezaji aliyefungiwa. Nilipoigeuza kupaka gundi, nyuma yake pakanitazama tangazo la kubeti lenye kijana anayecheka na noti mkononi. Hata yule msomaji wa Jumatatu, mgongoni mwa barua yake mlimwekea la namna hiyo hiyo.

Siombi muyafute, najua gazeti nalo linakula. Naomba ukurasa mmoja tu, ule wa matokeo ya vijana, nyuma yake muweke kitu kingine, hata bei ya mahindi. Wanangu hulishika daftari hadi kwenye taa ili wasome vizuri, na karatasi yenu ni nyepesi, upande wa pili unaonekana.

Vijana 14 wameshasaini. Wa kumi na tano alirudi mazoezini Alhamisi, anasema bado anasoma. Mkasi nimeupeleka kunolewa.

Wenu,
Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga