Mjomba, kabla hujanunua huo mkanda

Mjomba, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema gari linanuka mpira unaoungua, ukishusha vioo harufu inaisha, na fundi keshasema tatizo ni mkanda wa injini. Naomba usiununue kwanza. Na hivyo vioo vinaondoa harufu tu. Kinachoungua kinaendelea kuungua.

Hujaniambia harufu inakuja wakati gani. Ni gari likisimama injini ikiwaka? Ukikata kona? Ukiwasha AC? Ukipanda mlima? Mpira, plastiki, klachi na pedi za breki zikiungua hunuka karibu sawa, kwa hiyo pua peke yake haitoshi. Wakati wa harufu ndio utakaomwonyesha fundi pa kuanzia.

Huo mkanda huzungusha alterneta, yaani ile inayochaji betri, na kompresa ya AC, na kwa magari mengi pampu ya maji na ya usukani pia. Ukiteleza kwenye puli, yale magurudumu madogo unayoyazunguka, unapata joto na kunuka, na mara nyingi unapiga kelele kali unapowasha gari asubuhi au unapokata usukani hadi mwisho. Lakini kwa nini unateleza? Huenda umechakaa, sawa. Huenda pia kuna beringi iliyokwama, au oili inaudondokea, na hapo hata mkanda mpya utaungua vilevile. Mwombe fundi auvue mkanda injini ikiwa imezimwa, kisha azungushe kila puli kwa mkono, nawe ukiwa umesimama pale. Puli nzima huzunguka laini, haikwaruzi wala haiyumbi. Kama harufu inakuja AC ikiwashwa tu, aanze na kompresa. Na asikwambie mkanda ni mzima kwa vile hauna nyufa: mikanda mingi ya siku hizi huisha kwa mifereji yake kulika, bila kupasuka.

Taa ya betri ikiwaka ukiwa njiani na mshale wa joto ukapanda, egesha pembeni uzime injini hapohapo. Huenda mkanda umekatika na maji hayazunguki tena.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni breki, kwa sababu umesema gari siku hizi linakuwa zito. Endesha kidogo, na ukikaribia kusimama liache lipunguze mwendo lenyewe kadiri inavyowezekana. Shuka, zunguka gari, nusa kila gurudumu. Kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu na ringi bila kuigusa. Linganisha ya mbele kwa ya mbele na ya nyuma kwa ya nyuma, maana breki za mbele kwa kawaida hupata joto zaidi. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mwenzake, breki yake haiachii: kalipa, ile inayobana pedi, imekwama, pini zake zimekauka grisi, au kebo ya breki ya mkono hairudi.

Hapo usiendelee na safari, mjomba. Joto lile huingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yakishanyonya kiwango chake cha kuchemka hushuka hadi 155 hivi. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Unakanyaga breki, pedali inakwenda hadi chini, gari halisimami. Ndiyo maana nimekuandikia leo badala ya kusubiri tuonane.

Mengine ni mepesi kuyaona. Chungulia chini, injini ikiwa imepoa: mfuko wa plastiki ulionasa kwenye eksozi hunuka hivyohivyo kwa siku kadhaa, na watu wamebadilishiwa vipuri kwa ajili yake. Tazama ndani ya madigadi na ubavuni mwa tairi. Pakiwa na mstari uliosuguliwa ukang'aa, tairi linagusa ukikata kona au ukipakia mzigo. Harufu ikija mlimani, injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki, hiyo ni klachi. Ikija ukisimama kwenye foleni pamoja na moshi mwembamba kutoka kwenye boneti, kuna oili inayovujia eksozi, mara nyingi kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu.

Nyaya nimeziweka peke yake. Harufu ikiwa kali ndani ya gari kuliko nje, inafanana zaidi na plastiki, taa zinafifia au fyuzi inakatika, zima gari ushuke na wote waliomo. Mtu asikushauri kuweka fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi hukatika ili waya usiungue. Na ukiona moto chini ya boneti usiifungue kwa pupa, hewa ikiingia ghafla moto unalipuka kuja usoni. Sogeeni mbali, uite zimamoto.

Leo gari lisiende mbali kabla hujayakagua magurudumu. Ukimaliza nipigie uniambie ni lipi la moto, nami nitazungumza na fundi mwenyewe ukipenda.

Mpwa wako