Msilaumu lami ya zamani kabla hamjaliona lundo

Ndugu Mhariri,

Katika safu yako hii nimesoma barua ya msomaji anayelalamika kuwa barabara ya mtaani kwake imeharibika mapema kwa sababu mkandarasi alichanganya, kwa maneno yake, "taka za barabara ya zamani". Namwelewa. Mlipa kodi ana haki ya kuuliza amewekewa nini chini ya magurudumu. Lakini mimi nimetumia miaka mingi ya maisha yangu ndani ya maabara za mitambo ya lami, na hilo neno "taka" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Nikisema lami nazungumzia mchanganyiko mzima unaotandazwa barabarani. Kile kimiminika cheusi kinachoshikanisha kokoto nitakiita bitumeni.

Chukua tani moja ya lami iliyokwanguliwa kwenye barabara ya zamani ili ichanganywe katika lami mpya. Karibu kilo 950 ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe, na zilizobaki, kama kilo 50, ni bitumeni. Jiwe lililopasuliwa machimboni miaka 20 iliyopita bado ni jiwe lile lile. Kinachozeeka ni bitumeni. Hewa na joto huifanya ikakamae mwaka hadi mwaka, na ukakamavu huo tunaupima kwa sindano: tunaiwekea uzito wa gramu 100, tunaiacha izame kwa sekunde 5 katika bitumeni yenye nyuzi 25, kisha tunasoma kina. Kwenye bitumeni mpya ya daraja la 60/70 sindano huzama milimita 6 hadi 7. Kwenye bitumeni iliyochenjuliwa kutoka barabara iliyokaa juani miaka mingi, si ajabu ikaishia milimita 2 au pungufu.

Ukakamavu huo una dawa. Ukitumia lami ya zamani kidogo tu, bitumeni mpya inaufunika. Ukiongeza kiwango, unachagua bitumeni mpya iliyo laini zaidi, au unatia mafuta maalumu ya kulainisha, ili vikichanganyika vipate ugumu unaotakiwa. Mwongozo uliotumika Marekani kwa miaka mingi ulisema hivi: chini ya asilimia 15 usibadili kitu, kati ya 15 na 25 shuka daraja moja la bitumeni, na ukivuka 25 chenjua bitumeni ya zamani, ipime, uchore chati ya mchanganyiko. Hakuna uganga hapo.

Wala si jambo la majaribio ya juzi. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, bitumeni nayo ikawa ghali, na wahandisi wakaanza kuitazama upya barabara waliyokuwa wakiitupa. Leo Marekani lami mpya ina wastani wa zaidi ya asilimia 20 ya lami ya zamani. Japani wanakaribia nusu. Kuna vipande vya barabara vya majaribio, katika maeneo 18 ya Marekani na Kanada, ambavyo tabaka lenye asilimia 30 ya lami ya zamani liliwekwa pamoja na tabaka la lami mpya tupu, yakapita magari yale yale na mvua ile ile. Kwa sehemu kubwa matokeo yalilingana. Baadhi ya vipande vya lami ya zamani vilionyesha nyufa zaidi kidogo, na hilo sitalificha, maana ndilo linalotudai tuwe makini na ulaini wa bitumeni.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Barabara yenye lami ya zamani ikiharibika mapema, watu hukimbilia asilimia: "waliweka 30, waliweka 40". Mimi huuliza lundo lilikuwaje. Katika mitambo mingi niliyoifahamu, kokoto mpya zinapangwa kwa ukubwa, kila moja kwenye banda lake. Bitumeni inakaa kwenye tangi lenye kipimajoto. Lami ya zamani inamwagwa nyuma ya uzio. Tipa la kwanza linaleta makwanguo safi ya tabaka la juu la barabara kuu. La pili linaleta mabamba yaliyong'olewa na kijiko, ile mashine ya kuchimbia, hadi kwenye udongo. La tatu lina vipande vya zege vya ukingo. Vyote vinaingia lundo moja, na mtu anasema hiyo ni "malighafi". Kisha siku ya kutandaza ikifika, kila sepetu inayoingia mtamboni ni kitu tofauti na iliyoitangulia, na hakuna mhandisi duniani anayeweza kusanifu mchanganyiko wa kitu kisichojulikana.

Nasema haya kwa sababu kosa la namna hiyo limepita mikononi mwangu. Nilikuwa kijana kwenye mtambo mmoja, tunatengeneza lami yenye asilimia 40 ya lami ya zamani. Niliambiwa nilete sampuli ya lundo. Nikaenda na beleshi langu, nikachota kwenye kitako cha lundo, upande ulio karibu na maabara, nikajaza ndoo mbili. Sikujua, au niseme sikufikiri, kwamba lundo linapomwagwa kokoto kubwa huporomoka hadi chini, na chembe ndogo hubaki juu. Chembe ndogo ndizo zinazobeba bitumeni nyingi. Kwa hiyo ndoo zangu zikatoa jibu la uongo: lami ya zamani ina bitumeni haba. Msanifu akafidia kwa kuongeza bitumeni mpya.

Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Ukikosea kwa asilimia 1 tu ya bitumeni kwenye lundo, na lundo hilo ni asilimia 40 ya mchanganyiko, umekosea kwa asilimia 0.4 kwenye barabara nzima. Ni kilo 4 za ziada kwa kila tani. Msimu wa joto ulipofika, ile barabara ilitoa jasho jeusi, na magurudumu ya malori yakachimba mifereji miwili ambayo ilikuwa inajaa maji mvua zikinyesha. Kwenye kikao kila mtu alilaumu lami ya zamani. Ripoti ikaandikwa hivyo. Ndoo zangu mbili hazikutajwa na yeyote, na mimi, kwa hofu ya kupoteza kibarua, nilinyamaza. Nimeubeba ukimya huo muda mrefu, na barua hii ni sehemu ya kuutua.

Lundo linalotunzwa linafananaje? Makwanguo ya barabara kuu hayachanganywi na mabamba. Udongo, zege na matawi vinakataliwa getini kabla tipa halijainua mgongo. Kama vyanzo ni vingi, kijiko kinakoroga lundo kwanza, kinachota kutoka pande zote, ndipo lami iende kwenye mashine ya kusaga. Na hapa wengi wanaharibu: wanasaga kila kitu. Makwanguo yamekwisha kupondwa na meno ya mashine barabarani, na ukiyasaga tena unazalisha vumbi, lile linalopita kwenye chekeche la milimita 0.075. Vumbi likizidi, huwezi kuongeza lami ya zamani hata ukitaka, kwa kuwa vumbi linaziba nafasi kati ya kokoto inayohitajiwa na bitumeni. Chekecha kwanza, usage vipande vikubwa peke yake. Ukiweza, gawa lundo mara mbili, chembe ndogo huku na kubwa kule, msanifu awe na uhuru wa kuchagua.

Lundo likishapimwa, lifungwe. Lisiongezewe hata sepetu moja. Sampuli zisipungue 10, kutoka pande zote, na kila moja ichimbwe ndani baada ya kuondoa uso wa lundo. Majibu yakipishana sana, lundo halijawa tayari, hata kama mkandarasi anatazama kalenda.

Halafu kuna maji. Lami ya zamani hunywa maji na kuyashika kuliko kokoto kubwa, kwa ajili ya chembe zake ndogo. Lundo lenye unyevu wa asilimia 5 lina kilo 50 za maji katika kila tani. Kuyageuza mvuke maji hayo kunakula nishati iliyomo katika zaidi ya lita 3 za dizeli, hata pasipo joto lolote kupotea, na joto hupotea siku zote. Tunawasha moto kuchemsha mvua! Tena lami ya zamani haitakiwi kuguswa na mwali wa moto, maana bitumeni yake itaungua na kutoa moshi wa buluu. Hupashwa joto na kokoto mpya zilizochemshwa kupita kiwango cha kawaida. Lundo likiwa limelowa, kokoto hizo zinatakiwa ziwe moto zaidi na zaidi, mtambo unapunguza kasi, na mara nyingi lami inatoka huku baadhi ya chembe za zamani hazijalainika wala hazijaungana na bitumeni mpya. Hizo ndizo unazoziona baadaye zikibanduka moja moja.

Kinga ya maji ni paa. Paa la kawaida lenye pande wazi, juu ya sakafu ngumu yenye mteremko. Turubai lililolazwa juu ya lundo halifai, linanasa unyevu chini yake. Asiye na paa alijenge lundo refu lenye ncha, kama kichuguu, ili uso wake ushikane kuwa gamba linalomwaga maji, na asiruhusu kijiko kupanda juu yake. Lundo bapa hunywa kama sifongo.

Tahadhari moja sitaiacha, ingawa inahusu barabara za zamani sana. Ziko zilizojengwa kwa "tar", yaani kimiminika cheusi kitokanacho na makaa ya mawe, ambacho kina kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Hizo zisirudishwe motoni kabisa. Uholanzi ilikwisha kupiga marufuku kuzitumia tena, na kuna rangi nyeupe ya kupuliza ambayo hugeuka manjano ikikutana na "tar" hiyo. Ni kazi ya dakika chache kabla ya kuanza kukwangua.

Kwa hiyo ombi langu, ndugu Mhariri, ni kwa wanaoandika zabuni. Nyaraka nyingi nilizosoma zina mstari mmoja tu kuhusu lami ya zamani: isizidi asilimia kadhaa. Kikomo hicho kinamwadhibu mwenye lundo safi na kumwachia mwenye lundo chafu, maana asilimia 15 ya kitu kisichojulikana bado inaweza kuua barabara. Waandike badala yake kwamba lundo lipimwe na kufungwa kabla ya usanifu, kwamba liwe na paa, kwamba majibu ya sampuli zote yaambatishwe, siyo wastani peke yake, na kwamba kiwango kinachoruhusiwa kiongezeke kadiri majibu yanavyokaribiana. Mkandarasi atakayejenga paa atarudishiwa gharama yake na dizeli asiyoichoma.

Na kwa msomaji mwenye barabara iliyoharibika: nenda ukadai. Ila ukifika kwenye ofisi husika, usiombe asilimia peke yake. Omba karatasi za sampuli za lundo, uhesabu ziko ngapi, uulize nani alichota na alichota wapi.

Wako,
Fundi wa maabara ya lami, mstaafu