Nyumba ya mawe hadi paani

Ndugu yangu Athumani,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, ila baridi haina adabu. Uliniagiza nikutazamie nyumba za mawe za huku. Basi Jumapili nilikwenda Bibury, kijiji cha Gloucestershire hapa Uingereza, kuiona Arlington Row. Ilijengwa 1380 kama ghala la sufu la watawa. Karne ya 17 ikagawanywa ikawa vijumba vya wafumaji. Wageni walikuwa wanapigana vikumbo kwa picha, mimi nimeganda ukutani.

Jiwe lake ni la chokaa, rangi ya asali. Ukilisogelea unaona chembe za mviringo zimeshikamana kama mayai ya samaki. Nalo lilizaliwa baharini, kama matumbawe yetu ya Lamu.

Na paa, Athumani! Limeezekwa kwa mawe. Mabamba makubwa yako chini kwenye mchirizi, yakipanda yanapungua, huko juu ni madogo kabisa. Kila bamba hutobolewa tundu, likapachikwa kijiti cha mwaloni, likaning'inia kwenye fito. Sasa sikia mabamba kama hayo yalivyopatikana. Kule Stonesfield, Oxfordshire, jiwe lilichimbwa kabla ya baridi kuanza, likaachwa nje lingali bichi. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha maji, ikiingia kwenye matabaka yake, linapasuka lenyewe. Likiwahi kukauka, basi tena. Husimuliwa kwamba usiku jalidi ikianguka kengele ya kanisa ililia, watu watoke vitandani wakayamwagie maji. Wewe hata adhuhuri hakuamshi mtu!

Ninapopanga pia ni nyumba ya mawe, ila si ya zamani hivyo. Kuna fundi alipita akaziba viungo kwa saruji. Maji yakiingia hayana pa kutokea, yanatokea kwenye jiwe: jiwe linamomonyoka, saruji imebaki imechomoza kama mbavu za punda. Chumba kinanuka ukungu, kitanda nimekisogeza katikati. Nikakumbuka ulivyonifokea kwa ile ndoo moja ya saruji niliyopeleka kwenye ukuta wa bibi.

Mwenye nyumba amekubali niikwangue saruji upande wa dirisha, nirudishie chokaa. Nasubiri baridi ipungue, maana chokaa mbichi ikipigwa na jalidi inaharibika. Niandikie upesi: mchanga kiasi gani kwa chokaa kiasi gani? Nimejigamba mbele yake kwamba kwetu ndiyo kazi yetu.

Wasalimie wote, na bibi umbusu mkono.

Nduguyo,
Shee