Wanaopima maji ya chini watuulize na sisi

Mhariri, hivi hawa wataalamu wanaokuja kutafiti maji ya chini ya ardhi huku kwetu Sikonge mbona wanapita kimyakimya? Wanatandaza nyaya zao kwenye shamba la tumbaku la mtu, wanapima, wanapanda gari, basi. Ripoti wanaisoma wao.

Tabora sehemu kubwa ni mwamba wa granaiti, maji yanakaa kwenye nyufa na kwenye ule udongo wa juu ya mwamba, kwa hiyo unaweza kuchimba hapa ukapata halafu ukasogea kidogo tu ukaambulia vumbi. Sasa nani anajua kisima kipi kinakauka Septemba na kipi kinavuka mpaka mvua za Novemba? Ni kina mama wanaoamka usiku kupanga ndoo, na mafundi wa visima vya mkono, na wafugaji (hawa waulizwe pekeyao, maana kwenye mkutano wa kijiji wakulima hawawapi nafasi, tusidanganyane).

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka wananchi washirikishwe, sio hisani ya mtu. Kumwita mwenyekiti asaini karatasi sio kushirikisha jamani. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika na RUWASA (wakala wa maji vijijini) wahakikishe mkutano unakuja kabla ya vipimo, halafu majibu yarudi kwa Kiswahili, yabandikwe ofisi ya kijiji, hata kama jibu lenyewe ni kwamba hapa hamna maji.

Mkazi wa Sikonge, Tabora